Grateful Dead: taja pea yako, usiku wa kwanza na wa pili

Mkoba wa Kanda

Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa kooni wiki nzima, bora nilimwage hapa. Penye wapenzi wa Grateful Dead popote, ukiuliza onyesho lao bora utajibiwa Chuo Kikuu cha Cornell, tarehe 8 Mei 1977. Sawa. Mimi swali langu ni jingine: siku mbili mfululizo. Usiku wa kwanza na wa pili, hakuna kupumzika katikati. Taja pea yako, itetee.

Kwa nini mbili? Sisi tuliokulia kwenye dansi tunajua. Bendi yoyote inaweza kukupigia Jumamosi moja ukarudi nyumbani viatu mkononi. Rudi tena Jumapili, hapo ndipo utajua kama jana ilikuwa kazi au ilikuwa bahati. Na hawa jamaa walijitafutia taabu wenyewe: orodha ya nyimbo hawapangi, wanaamulia jukwaani, na ulichokisikia jana usitegemee kukisikia leo.

Kwa wageni wa uzi: ni bendi ya kule San Francisco, ilianza 1965, ikaishia 1995 mpiga solo wao Jerry Garcia alipofariki. Maonyesho yanapita 2,300. Mashabiki waliruhusiwa kuingia na rekoda zao, mradi kanda wabadilishane tu, wasiuze. Ndiyo maana mtu wa Mbagala ambaye ndege anaiona ikipita juu anaweza kukaa hapa na kubishania usiku wa New York wa miaka hamsini na ushee iliyopita. Chukulia kibao chenye chemko lisilo na saa ya kuisha, na katikati ya chemko kinageuka kibao kingine bila mtu kuacha kupiga. Ndiyo muziki wenyewe.

Pea yangu: 13 na 14 Februari 1970, Fillmore East, New York.

Wiki mbili kabla, polisi walikuwa wamewavamia New Orleans kwa mambo ya mihadarati, na fundi wao wa sauti, Owsley Stanley, wenyewe wanamwita Bear, akawa miongoni mwa waliobebwa. Mpiga kinanda Tom Constanten ndiyo kwanza ameondoka. Wengine wangeomba udhuru. Hawa wakapanda, bango moja na Love pamoja na Allman Brothers Band, maonyesho mawili kila usiku, la mapema na la usiku mkubwa. Lile la usiku mkubwa halikuwa na haraka ya kwenda popote.

Tarehe 13: Dark Star, inaingia That's It for the Other One, inaingia Turn On Your Lovelight. Kila kimoja karibu nusu saa. Yaani saa moja na nusu nyuzi hazijapoa. Na usiku huohuo Pigpen, mwimbaji wao, alikaa peke yake na gitaa kavu akaimba Katie Mae, ukumbi wa watu zaidi ya elfu mbili kimya kama wako sebuleni kwake.

Tarehe 14 unategemea watu wachovu. Wapi! Alligator, ngoma, Not Fade Away, Mason's Children (kibao walichokipiga miezi michache tu kisha wakakitupa, sijui nani aliwashauri), Caution, halafu magitaa yanaachiwa yalie mbele ya spika mpaka unahisi jengo linanguruma, halafu wanaaga kwa kuimba bila ala. Bear mwenyewe ndiye aliyerekodi. Usiku wa kwanza wamejenga nyumba, wa pili wameichoma moto.

Haya, leteni zenu.

Besi Nzito

Mkuu umeanza vizuri, umeharibu ulipofika kwenye kuchagua.

8 na 9 Mei 1977. Cornell kisha Buffalo. Ukumbi tofauti, mji tofauti, lakini siku zimefuatana, na hukusema lazima iwe paa moja.

Mimi napiga besi, Morogoro, harusi na kipaimara, kwa hiyo namsikiliza Phil Lesh, mpiga besi wao, kabla ya mtu yeyote. 1970 ni moto, sikatai, ila ni moto wa petroli. Mwaka 1977 kulikuwa na prodyuza, Keith Olsen, anarekodi nao albamu ya Terrapin Station, na akawabana kwa mazoezi kama watoto wa kwaya. Wakatoka barabarani wamenyooka. Sikiliza Scarlet Begonias inavyoingia Fire on the Mountain pale Cornell, zaidi ya dakika ishirini na tano zote mbili. Fire ilikuwa haijatimiza miezi miwili tangu ipigwe jukwaani mara ya kwanza! Ule mpito wa katikati hakuna anayekimbia. Besi inashika nyumba, gitaa la Garcia linapita pale linapotaka.

Dogo wa Keko

Wakubwa shikamooni. Nusu saa wimbo mmoja? Bando langu mnalijua?

Mkoba wa Kanda

Marahaba dogo. Babu yako alicheza kibao kimoja mpaka shati likashika mgongoni, muulize kama aliangalia saa.

@Besi Nzito, nilijua Cornell itakuja, nikasema moyoni acha ije na mtu mwenye hoja. Ngoja nikwambie wasilolipenda wengi. Nusu ya sifa ya Cornell ni ya fundi mitambo. Kanda alirekodi Betty Cantor-Jackson, na masikio ya yule mama yalikuwa mali. Mwaka 1986 shehena ya kanda zake ikapigwa mnada kwa deni la stoo, ikaangukia mikononi mwa mashabiki, kanda zenye sauti safi zikazagaa Marekani nzima. Watu waliozoea kanda za kunakili nakala ya nakala, zimejaa mvumo, ghafla wanasikia kila waya wa gitaa. Ungekuwa wewe usingesema ndilo onyesho bora duniani? Hata Maktaba ya Bunge la Marekani imeliweka kwenye hifadhi ya rekodi za taifa. Wamehifadhi onyesho au wamehifadhi kanda?

Besi Nzito

Hoja nzuri, ina tundu.

Buffalo ya kesho yake alirekodi nani? Betty huyohuyo. Mashine hiyohiyo. Mbona Buffalo haina sifa ya Cornell mitaani? Ingekuwa ni mitambo tu, zingepanda daraja pamoja.

Mkoba wa Kanda

Hapo umenishika. Ngoja niende nikafikirie.

Theluji ya Mei

Wadau, naomba niingie maana nimesoma pale Cornell, miaka mingi baada ya tukio, msije mkanipa uzee. Barton Hall, pale walipopigia, si ukumbi wa muziki. Ni banda kubwa la mawe na vyuma, lilijengwa kwa gwaride na mazoezi ya kijeshi, ndani kuna njia ya kukimbilia. Nimekimbia humo majira ya baridi. Ukipiga kofi, kofi linazunguka ndiyo linakurudia. Kwa hiyo mtu akiniambia onyesho ni zuri kwa sababu ya sauti ya ukumbi, namcheka. Zuri lile limepigwa *licha ya* ukumbi.

Na jina langu hapa linatokana na hilo. Watu waliingia Barton Hall jioni ya Mei, wakatoka wakakuta theluji inaanguka. Wazee wa mji bado wanasimulia. Ilikuwa Siku ya Akina Mama, Jumapili.

Namuunga mkono Besi Nzito kwenye pea, ila kwangu Buffalo ndiyo mwamba. Wanafungua onyesho na Help on the Way, Slipknot!, Franklin's Tower. Ile Slipknot! ni njia ya milimani yenye kona kali, kawaida bendi ikishapasha viungo ndiyo inathubutu. Wao wameanza nayo, usiku wa pili, baada ya safari, baada ya kupiga onyesho ambalo dunia ingelizungumza maisha yote. Hiyo ndiyo tafsiri ya swali lako, mleta uzi: walirudi usiku wa pili na walikuwa bora.

Udi na Kanuni

Assalaam alaykum jamaa. Niko Muscat, kwetu Mkunazini. Nyote mmezunguka Amerika, mmeisahau Afrika.

15 na 16 Septemba 1978. Giza, Misri. Chini ya mapiramidi.

Besi Nzito

Sheikh, kwa heshima zote. Kinanda kilikuwa hakina tyuni.

Udi na Kanuni

Waalaykum salaam kwanza.

Kinanda kilikuwa kibovu, ndiyo. Tena mpiga ngoma Bill Kreutzmann kaumia mkono, anapiga kwa mkono mmoja. Walipeleka waya hadi chumba cha mfalme ndani ya piramidi kubwa ili wapate mwangwi wake, ikashindikana. Yote hayo nayajua, tena yanaudhi, kwani walisafiri mbali mno kuja kushindwa na waya.

Lakini nani alipanda nao? Hamza El Din, Mnubi, mpiga udi, ambaye kijiji chake kilimezwa na maji ya bwawa la Aswan. Alikuja na wenzake na matari. Matari, jamaa! Yale yale ya maulidi kwetu. Wanaanza Ollin Arageed, makofi na sauti tu, mzunguko wa mapigo kumi na mbili. Wamarekani hawaingii kwa pupa. Kwanza ngoma, tena gitaa moja, tena jingine, mpaka unashtuka Wanubi wametoka na bendi imo ndani, na usiku wa 16 kutoka hapo wakaingia Fire on the Mountain. Mwezi umepatwa usiku huo juu ya jangwa. Mie nimekulia kwenye taarabu, najua mgeni anayeingia kwenye mapigo ya watu akayakanyaga. Hawa hawakukanyaga. Walivua viatu mlangoni.

Theluji ya Mei

Hiyo ya kuvua viatu nimeipenda. Nakupa usiku mmoja wa 16, sheikh. Usiku wa 15 unautetea vipi?

Udi na Kanuni

Wa 15 ni usiku wa kujifunza njia. Bila huo, wa 16 haupo. Si mmesema pea?

Mkoba wa Kanda

Hii hoja inanisumbua kuliko ya Cornell. Pea ambayo usiku wa kwanza ni dhaifu ili wa pili usimame... Sheikh umeleta fiqhi mpya.

Lakini hapana. Nimeisikiliza rekodi iliyotoka 2008. Ollin Arageed nalia. Vingine naangalia saa. Kisa kikubwa, muziki wa kawaida. Tusiwape kura kwa sababu ya mapiramidi, maana mapiramidi hayakupiga gitaa.

Samaki Mbichi

Naona mnajadili bendi ya zamani. Phish, 30 na 31 Desemba 1999, Big Cypress, Florida, ardhi ya Waseminole. Usiku wa pili wamepanda kabla ya saa sita wameshuka jua limetoka. Zaidi ya saa saba seti moja. Funga uzi.

Besi Nzito

Fungua wako.

Dogo wa Keko

😂😂 Samaki kavuliwa nje ya bahari

Theluji ya Mei

Tuseme kweli lakini, zile saa saba si mchezo. Ila mada ni Grateful Dead. Samaki, andika uzi wako, nitakuja kuchangia.

Mama Wawili

Hamjambo nyote. Mimi ni Mkenya, naishi Minneapolis, nafanya zamu ya usiku. Nimekuwa nasoma tu lakini hapa kwa pea siwezi nyamaza.

8 na 9 Oktoba 1989, Hampton, Virginia.

Hebu kwanza niwape hali ilivyokuwa. Miaka miwili kabla walitoa wimbo wa Touch of Grey, ikaingia kumi bora, na bendi iliyokuwa ya watu wake ikawa ya kila mtu. Viwanja vikajaa watu wasio na tiketi, miji ikaanza kuwakataa. Kwa hivyo wakafanya ujanja: tiketi zikauzwa hapo Hampton na sehemu za karibu tu, siku chache kabla, na jina la bendi halikuandikwa. Wakaandika "Formerly the Warlocks", wale waliokuwa zamani Warlocks, jina lao la mwanzo kabisa la 1965. Mwenye kujua alijua.

Kuna mzee hapa kazini, Mmarekani, alikuwa ndani usiku zote mbili. Ananiambia usiku wa kwanza walipofungua seti ya pili na Help on the Way, kitu walikuwa hawajapiga miaka minne, watu walishikana mikono na wasiowajua. Akadhani basi, zawadi ni hiyo. Usiku wa pili Garcia akagusa zile noti za mwanzo za Dark Star. Miaka mitano na zaidi hawakuwa wameipiga! Sikiliza kanda: kelele za watu zinafunika bendi. Mzee anasema alilia hadi akaona haya. Na bado kwa kuaga wakatoa Attics of My Life, wimbo wa sauti tatu waliouacha tangu 1972.

Nyinyi mnahesabu nani alipiga vizuri. Mimi nahesabu bendi iliyokuwa ikizama kwa umaarufu wake mwenyewe, ikajificha siku mbili kwa jina la utotoni, ikakumbuka yenyewe ni nani.

Besi Nzito

Dada, karibu sana. Umeandika vizuri mpaka nimeona vibaya kupinga. Ila 1989 Garcia alikuwa amefunga ile mitambo ya kugeuza gitaa lisikike kama filimbi, mara tarumbeta. Mimi masikio yangu yanakataa.

Mama Wawili

Kaka, kwani filimbi ni dhambi? Kwa ile Dark Star ya Hampton ndiyo inafaa, hapo wimbo hauko duniani. Na Brent Mydland kwa kinanda mbona hamumtaji? Sauti yake ilikuwa imekwaruzika na imejaa. Alifariki Julai 1990, miezi tisa baadaye. Mkisema 1989 haina moto, msikilizeni Brent kwanza.

Mkoba wa Kanda

Hapo kwa Brent dada yuko sahihi. Tunamnyima haki yake kwa sababu watu wameshakariri 1970, 1972, 1977, kama ratiba ya treni.

Ila nina swali, dada. Ungefuta kelele za watu, ukabaki na mapigo tu, bado ungechagua Hampton?

Mama Wawili

Mbona nifute? Hao watu walikuwa ndani ya wimbo.

Udi na Kanuni

Jibu hilo lifungiwe fremu.

Theluji ya Mei

Mkoba, na wewe jibu lako. Tangu juzi umesema unaenda kufikiria. Betty huyohuyo, mashine hiyohiyo. Buffalo au Fillmore East?

Mkoba wa Kanda

Nimefikiria, na juzi nikafanya jaribio. Nikawaalika jamaa wawili wa gereji, wapenzi wa dansi, Grateful Dead hawajui ni mnyama gani. Spika moja ndogo, kahawa na kashata. Sikuwaambia mwaka wala mji.

Kwanza nikaweka Dark Star ya 13 Februari 1970. Dakika kumi za mwanzo mmoja akaanza kukagua simu. Ilipofika pale gitaa na besi zinafukuzana, akaiweka chini. Mwishoni akauliza, "Hawa walikuwa wamekunywa nini?" Nikasema tuliache hilo.

Halafu nikaweka Scarlet na Fire ya Cornell. Hakuna aliyegusa simu. Yule wa pili, fundi wa magari, kichwa kinakwenda tu. Akasema neno limenikaa: "Huyu wa kwanza anatafuta njia. Huyu wa pili anaijua, anatembea taratibu kwa sababu hana hofu."

Mimi napenda mtu anayetafuta njia, ndiyo maana nimeng'ang'ania 1970. Lakini swali nililiweka mwenyewe: nani anarudi usiku wa pili? Na Fillmore East, nikikiri kweli, usiku wa 14 unabebwa na ule wa 13. Ukiniletea wa 14 peke yake, ni mzuri, haunitoi kitandani.

Besi Nzito

Wakuu, mmeyasoma hayo? Mleta uzi anahama.

Mkoba wa Kanda

Sijahama. Nimesimama mlangoni. Buffalo sijawahi kuisikiliza kwa utulivu, mwanzo hadi mwisho. Huwa naishia Franklin's Tower narudi Cornell. Leo usiku nitaikamilisha, kisha nitasema.

Dogo wa Keko

Mkuu na mimi nimeweka hiyo Scarlet. Nimeunga bando mara mbili. Sitaki kusema kitu bado.

Udi na Kanuni

Dogo, ukimaliza hapo nenda Ollin Arageed. Ni fupi, haili bando.

Mkoba wa Kanda

Saa tano usiku. Umeme umekatika mtaa mzima, nasikiliza kwa simu, spika imekufa. Nimepita ngoma na Not Fade Away. Sasa wamepunguza mwendo kabisa, Garcia anaimba peke yake.

Theluji ya Mei

Hiyo ni Comes a Time. Usiguse kitu. Subiri solo ya mwisho.

Besi Nzito

Mkuu?

Besi Nzito

Mkoba, upo?

Mkoba wa Kanda

Nipo. Chaji imebaki asilimia nne, nairudisha nyuma nianze tena ile solo. Kesho tutaongea.